Kiko Ukishakiwasha Ni Chako

Alhamisi iliyopita kifurushi nilichomuuzia mtu mtandaoni kilirudi. Nilikijua kabla sijakifungua, maana sanduku lilikuwa lilelile langu, limepinduliwa upande wa ndani ukawa nje, likazungushiwa selotepu kama mtu anafunga jeraha. Mle ndani kiko, kile cha kuvutia tumbaku, kilikuwa kimevikwa soksi. Soksi moja, ya kijivu. Mimi nilikituma kimekunjwa kwa nailoni ya vipovu tabaka mbili, mdomo wa kuvutia mbali na bakuli la tumbaku mbali, na kikaratasi cha kumtakia mnunuzi jioni njema. Nilipokivuta kutoka kwenye soksi, majivu yakamwagika juu ya kitambaa cha meza cha mke wangu, na ugomvi wa kwanza wa siku ukaanzia hapo.

Ni Peterson ya Dublin, yenye shingo iliyopinda na pete ya fedha. Niliipata mwaka jana kwenye mnada wa vitu vya marehemu hapa Leicester, Uingereza, ukoko wa tumbaku iliyoungua umejaa bakuli hata kidole cha mwisho hakiingii. Nilikaa nayo wiki mbili, jioni kwa jioni. Nikaukwangua ukoko mpaka ukabaki unene wa sarafu, nikaondoa ule ukijani wa mdomo wa ebonaiti, yaani mpira mgumu, kwa msasa, kuanzia namba 400 mpaka 2000, nikasugua pete hadi chapa za fedha za Dublin na herufi ya mwaka zikasomeka. Niliuza pauni 68. Sijisifu, lakini nyie mnaofanya kazi hii mnajua wiki mbili za vidole vyeusi zina thamani gani. Niliweka picha kumi na nne. Moja ilionyesha kovu dogo la moto ukingoni, na bado nikaliandika kwa maneno, asije mtu akasema hakuliona.

Siku ya kumi na moja mnunuzi akaniandikia: kina ufa, sijakivuta, nataka pesa yangu yote. Huo ufa ulikuwa mshipa wa mti. Kila mzizi wa briari, mti unaochongewa viko vingi, una mishipa, na watu wengine huilipia zaidi. Lakini hilo ningelisamehe, mgeni hajui. Kilichoniuma ni lile neno la pili.

Nilichukua waya wenye manyoya wa kusafishia viko nikaupitisha mdomoni hadi shingoni. Ulitoka na rangi ya chai ya rangi iliyolala, na harufu yake ikajaza meza nzima. Latakia. Mimi Latakia sivuti. Ni tumbaku inayokaushwa kwa moshi wa kuni, asili yake Syria na siku hizi zaidi Cyprus, na ukiivutia kwenye briari inang'ang'ania humo kama moshi wa jikoni kwenye kanga. Unafua, unaanika, bado ipo. Nikapiga picha ya waya, nikatuma malalamiko. Mtandao wa mauzo ukampa haki yeye. Akarudishiwa pesa yote, nami nikabaki na kiko kinachonuka na nyota moja chini ya jina langu.

Siku mbili nilikuwa sisemeki. Ya tatu nikakumbuka ya kwangu, nikanyamaza kidogo.

Babu yangu alikuwa karani kwenye mashamba ya mkonge kule Korogwe. Jioni alikaa barazani na kiko chenye alama ya tembo mdomoni mwake, na sisi wajukuu tuliamini viko vyote duniani vina tembo. Nilikuwa mtu mzima, niko huku ughaibuni, ndipo nilipojua habari yake: vilitengenezwa Arusha na kampuni iliyoitwa Tanganyika Meerschaum Corporation, na jina lao la biashara lilikuwa hilohilo letu, Kiko. Wakusanyaji wengine wa Kizungu mpaka leo wanalitaja kama jina la ukoo fulani, hawana habari kwamba ni kitu walichokishika mkononi. Jiwe la kuvitengenezea lilichimbwa Sinya, kule Longido, upande wetu wa mpaka karibu na Amboseli. Ni mershaumu, jiwe jeupe lenye vinyweleo, ndugu wa lile la Eskişehir nchini Uturuki, ila la kwetu ni zito na gumu zaidi. Vingine walivivika ngozi iliyoshonwa kwa mkono. Cha babu kilikuwa na ngozi. Alipofariki hakuna aliyejua kilikokwenda.

Nilikitafuta mtandaoni miaka mitatu. Mwaka 2016 kikatokea. Bwana mmoja mzee wa Wales alikuwa anauza viko vya marehemu kaka yake, na katikati yao kimekaa kile: ngozi ya kahawia, mshono upande wa kushoto, tembo. Pauni 22. Nilinunua nikiwa kwenye basi, mikono inatetemeka.

Kilifika Jumamosi jioni. Mtu mwenye akili angekiweka mezani mpaka asubuhi, akakikagua kwenye mwanga wa jua. Mimi nilikijaza tumbaku nikiwa bado nimevaa koti. Nilikaa kwenye ngazi za nyuma ya nyumba nikavuta mpaka mwisho, nikakijaza tena. Jumapili vilevile. Jumatatu nikaona doa kwenye ngozi, chini ya bakuli, limeloa kama kitambaa kilichowekewa chupa ya mafuta. Jiwe lilikuwa na ufa chini ya ngozi. Ufa ambao yule mzee asingeweza kuuona, wala mimi, wala mtu yeyote bila kufumua mshono.

Hapo ndipo nilipofanya la aibu. Badala ya kumwandikia, "Mzee wangu, habari, nimekivuta siku mbili na nimegundua hivi na hivi," nilimwandikia kwa ukali. Nikamwambia ameniuzia kitu kibovu. Nikamwambia sijakivuta hata mara moja. Nikakifuta kwa kitambaa chenye unyevu, nikakifunga, nikakipeleka posta, na stakabadhi nikaipiga picha kama mtu anayejiandaa kwenda mahakamani.

Alirudisha pesa siku kilipofika, pamoja na gharama yangu ya posta, ambayo wala sikuidai. Aliandika mistari miwili. Ya kwanza: pole kwa usumbufu. Ya pili: "Naona umekivuta. Ungeniambia tu."

Mershaumu ikivutwa hubadilika rangi. Huanza nyeupe, ikaenda manjano, ikaenda kahawia. Yule mzee alikuwa na picha zake mwenyewe za ukingo wa bakuli, na ukingo ulirudi una rangi nyingine. Nilidhani nimefuta ushahidi na kitambaa, kumbe umeingia ndani ya jiwe.

Miezi minne baadaye nilipata ujasiri wa kumwandikia, nikaomba radhi na kuuliza kama ninaweza kukinunua tena, na ufa wake hivyohivyo. Alishakiuza kwa mtu mwingine, amemweleza ufa, kwa pauni 10. Pauni kumi! Kiko cha babu, au pacha wake, kimekwenda kwa bei ya chipsi na samaki kwa sababu mimi sikuweza kuandika sentensi moja ya kweli.

Kwa hiyo mkiniona nasema kwa ukali hapa chini, mjue nimelipia haki ya kusema.

Kiko ukishakiwasha ni chako. Hilo ndilo la kwanza, na kwa kweli ndilo la pili na la tatu. Kitabu ukikifungua ukakisoma kinarudi kitabu. Shati ukilijaribu linarudi shati. Kiko ni kitu unachokitia mdomoni na kukichoma moto kwa ndani, mwenzio hawezi kukirudisha kilivyokuwa. Ukitaka haki ya kurudisha, usiwashe. Kaa nacho siku nzima bila kuwasha. Najua ni vigumu, najua kabati lako limejaa na bado hiki kipya ndicho kinachokuita, lakini jizuie.

Hiyo siku moja itumie macho. Nenda dirishani. Angalia shingo pale mdomo unapoingilia, kwa sababu nyufa nyingi huanzia hapo, na wauzaji wajanja huzificha chini ya pete. Mulika tochi ndani ya bakuli utafute mahali palipoungua kupita kiasi. Ukiona weusi wa nje ya bakuli umekaa sambamba na shimo la ndani, mti umeliwa. Pitisha waya uone kama unapita mpaka mwisho. Vuta hewa tupu. Nusa. Na usiuzungushe mdomo kwa nguvu kama ukoko umeugandisha, ulimi wake, ile ncha inayoingia shingoni, unaweza kukatikia humohumo, na hapo mbishane milele nani aliukata. Mimi siku hizi hukitia kwenye friza nusu saa mdomo ulegee. Briari tu, jamani, msije mkatia mershaumu mkasema ni mimi niliyewaambia.

Ukipata kasoro, andika siku hiyohiyo. Anza na salamu. Sijui kwa nini tukiingia mtandaoni tunasahau salamu, watu ambao hatuwezi kununua nyanya bila "za asubuhi". Sema umeona nini, tuma picha, sema unataka nini: kurudisha, au kupunguziwa. Na kama ulishawasha, sema umewasha. Muuzaji mwenye utu atakupunguzia. Asiye na utu hatakupunguzia, na wewe utakuwa umepoteza pauni 20 lakini hujajidanganya.

Jambo jingine ambalo watu hawalijui: usikisafishe kabla ya kukirudisha. Unadhani unamfanyia hisani. Ukishakwangua ukoko na kung'arisha mdomo, hicho si kitu alichokutumia, na pengine alikitaka kiwe na uzee wake. Kirudishe kilivyofika, kwenye karatasi zake, mdomo umetengwa na bakuli. Siyo kwenye soksi.

Kuhusu sheria nitasema kwa kifupi, maana wengi hujifanya mawakili. Hapa Uingereza, kwa kanuni za mwaka 2013, ukinunua mtandaoni kwa mfanyabiashara una siku 14 tangu ulipopokea mzigo kubadili mawazo bila kutoa sababu. Lakini kanuni hizohizo zinamruhusu akukate pesa kama umekitumia kuliko inavyohitajika ili kukikagua, na hakuna hakimu atakayekubali kwamba kuvuta bakuli mbili ni kukagua. Ukinunua kwa mtu binafsi, kama yule mzee wangu, haki ya kubadili mawazo haipo kabisa. Anachodaiwa ni kwamba kitu kifanane na maelezo aliyoyatoa. Basi soma maelezo. Soma mara mbili. Kama hakusema chochote kuhusu shingo, muulize kuhusu shingo kabla hujalipa.

Mpwa wangu wa Kinondoni aliniandikia mwezi uliopita. "Shikamoo mjomba, kile kiko cha Ujerumani kimefika, mdomo umetoboka kwa meno. Nakirudishaje?" Alikinunua euro 25, na posta ya kukirudisha ilikuwa inakaribia bei hiyohiyo, bado forodha. Nikamwambia asirudishe. Aandike kwa heshima, aombe nusu ya pesa, abaki nacho. Alirudishiwa euro 12 na mdomo akaenda kutengenezewa na fundi wa Kariakoo anayechonga vishikio vya visu, na naambiwa umetoka mzuri kuliko wa Wajerumani. Mkiwa nyumbani, fanyeni hesabu ya posta kabla ya hesabu ya hasira. Na kama lazima kirudi, kwenye karatasi ya forodha andikeni wazi kwamba ni mali inarudishwa kwa mwenyewe, asije mtu wa watu akatozwa ushuru kwa kitu chake mwenyewe.

Nimeulizwa kama nitampa yule wa soksi nyota moja na mimi. Nilishaandika maneno, tena makali, nikayafuta. Nimemwandikia mistari miwili badala yake, nadhani mnaweza kuikisia. Hajajibu.

Ile Peterson nimeijaza pamba iliyolowa spiriti, huu usiku wa tatu, iko kwenye dirisha la jikoni. Latakia imepungua, haijaisha. Pengine nitaivuta mwenyewe tu.

Na hiki cha mwisho ni ombi. Mkipita mtandaoni mkakiona kiko cha tembo chenye ngozi ya kahawia, mshono upande wa kushoto, na doa la mafuta chini ya bakuli lenye ukubwa wa kucha ya dole gumba, msijali ufa. Niandikieni usiku huohuo.