Injini ya Datsun 240Z: Nini Kitengenezwe, Nini Kiachwe

Datsun 240Z iliyoshinda Safari Rally mwaka 1971 na tena 1973 ilibeba L24: silinda sita za mstari mmoja, cc 2,393, bloku ya chuma, hedi (kifuniko cha juu chenye valvu) ya alumini. Ni injini ngumu kufa, na nyingi hufunguliwa bila haja.

Kabla ya spana, pima kompresheni. Injini iwe ya moto, plagi zote nje, kabureta wazi kabisa. Silinda ikisoma chini ya wenzake, mimina kijiko cha oili kwenye tundu la plagi upime tena. Ikipanda, ringi zimechoka. Isipopanda, shuku valvu au gasketi ya hedi, na huenda huna sababu ya kugusa pistoni. Moshi wa buluu unaotoka ukikanyaga tena baada ya kuteremka mlima mara nyingi ni sili za valvu. Hizo hubadilishwa hedi ikiwa mahali pake.

Ukilazimika kufungua, kipenyo cha silinda kiwandani ni milimita 83. Pima juu, katikati na chini, kwa pande mbili zinazokatana. Uchakavu usiofika milimita 0.2 hauhitaji kuchonga: kwaruza kuta upya, weka ringi mpya, basi. Bloku ikishachongwa hairudi. Ikibidi, nunua pistoni kwanza umpelekee fundi wa mashine, achonge kwa kufuata pistoni zenyewe, si namba iliyo kwenye boksi.

Krankshafti ya L24, shafti kuu inayozungushwa na pistoni, huchakaa kidogo sana. Mara nyingi hupigwa polishi tu na kuvalishwa beringi mpya. Pampu ya oili usiibanie pesa, badilisha. Ila kumbuka, shafti yake ndiyo inayozungusha distribyuta. Ukikosea jino moja wakati wa kuirudisha, moto utakuwa nje ya taimingi na utailaumu kabureta bure.

Fedha nyingi zipotelee kwenye hedi, maana hapo ndipo kazi huharibika. Vuta rocker zote (mikono inayosukuma valvu), kisha zungusha kwa mkono kemshafti, shafti inayozisukuma rocker hizo. Ikikaza, hedi imepinda hadi juu, na kuisawazisha upande wa chini peke yake hakutaiponya kemshafti. Lazima inyooshwe kwanza. Nguzo zinazoshika kemshafti usizifungue kwa sababu tu fundi anataka nafasi ya kufanyia kazi, kwani kuzirudisha kwenye mstari ni shughuli. Hedi iliyopunguzwa unene pia hulegeza cheni inayozungusha kemshafti na kuchelewesha kemshafti. Gia yake ina matundu matatu kwa ajili hiyo. Jaribu la 2, halafu la 3.

Kemshafti mpya juu ya rocker za zamani ni kutupa zote mbili. Iliyochongwa upya hudai vikofia vinene zaidi juu ya valvu. Paka rangi kwenye uso wa rocker, zungusha kemshafti, uone alama inakaa katikati ya uso wa rocker. Isipokaa hapo, usiwashe.

Ukitoa hedi peke yake, kabari ya mbao ishikilie cheni. La sivyo tenshona, kikaza cheni, itachomoka na utafungua kava la mbele lote.

Vizibo vya bloku na pampu ya maji, badilisha vyote. Rangi ya kava la valvu inaweza kungoja. Injini ikishawaka na kupata moto, rekebisha nafasi za valvu: milimita 0.25 za kuingiza, 0.30 za kutolea moshi.