Gari la kifahari lililotumika: panga siku ya kuliuza kabla hujalinunua

Desemba 2017 niliuza gari langu la kwanza la kifahari likiwa halitembei. Lilikuwa limeegeshwa uani kwangu Mbezi, Dar, miezi mitatu, betri imekufa, matairi ya nyuma yamelegea, vumbi limejaa hadi huoni rangi. Mnunuzi alikuja na gari la kuvuta, akazunguka mara moja, akataja milioni 12. Mimi nililinunua kwa milioni 31, Aprili 2016. Katikati ya hapo nilikuwa nimeshalitengeneza kwa zaidi ya milioni 9. Nilichukua zile 12 nikanyamaza.

Ninaandika haya kwa sababu kila mwezi kuna mtu ananiuliza: "Kaka, nimeona jipu la Kijerumani, bei imeshuka mpaka inalingana na Toyota IST mbili, nichukue?" Najua anavyojisikia, maana nilijisikia hivyo hivyo. Lile langu lilikuwa jipu la Kijerumani la silinda sita, la mwaka 2008, limenyooka, viti vya ngozi, na tangazo la dalali likisema "namba D, imetunzwa, maongezi yapo". Nililiendesha dakika kumi, nikalipa.

Wiki ya sita likachemsha kwenye foleni ya Kimara. Wota pampu, tena ya umeme, siyo ile ya mkanda niliyoizoea. Tukabadilisha. Mwezi uliofuata oili ikaanza kudondoka juu ya manifoldi, harufu ikawa inaingia ndani. Gasketi. Halafu giaboksi ikaanza kupiga kishindo likitoka gia ya pili kwenda ya tatu. Nikalipeleka kwa fundi mmoja mzee wa Ilala, mtu mwenye maneno machache. Alilipima kwenye mashine, akaingia chini, akatoka akifuta mikono.

"Mwanangu, limetembea kilomita ngapi?"

"Laki na kumi na nne, mzee."

"Basi mwenye gari hakukuuzia gari. Amekuuzia matengenezo yake."

Sentensi hiyo ndiyo msingi wa kila kitu nilichojifunza baadaye. Yule aliyeniuzia hakuwa tapeli. Alijua tu kwamba pampu, gasketi na oili ya giaboksi vyote vinafika kwa pamoja baada ya kilomita laki moja, akaondoka kabla havijafika. Mimi nikaingia wakati anatoka.

Jambo la kuelewa kuhusu magari haya ni kwamba bei ya gari inashuka kila mwaka, lakini bei ya spea haishuki nalo. Gari lililouzwa jipya kwa bei ya nyumba, baada ya miaka kumi unalipata kwa bei ya Harrier. Ila shokapu yake, pampu yake na kompyuta yake ya giaboksi bado ni za gari lenye bei ya nyumba. Ndiyo maana ukienda kwenye maduka ya spea ya Gerezani na orodha ya fundi unarudi kimya. Spea feki zipo na zinashawishi, lakini kwenye gari la Kijerumani mara nyingi unalipa mara mbili: mara ya kwanza feki, mara ya pili orijino, na katikati umelipa fundi afungue tena.

Kwa hiyo swali la "bei imeshuka?" siliweki mbele tena. Ninachotaka kujua ni matengenezo yapi makubwa yameshafanyika, na yapi yanakuja. Kila gari la aina hii lina vipindi vya utulivu. Matengenezo makubwa huja kwa kundi, kisha gari linatulia kilomita elfu arobaini au hamsini, kisha kundi jingine linakuja. Ingia mwanzoni mwa utulivu, toka kabla haujaisha. Hata ukilipa milioni mbili tatu zaidi kwa gari lililokwisha kufanyiwa kazi kubwa, umepata bei nzuri kuliko mwenzako aliyechukua la rahisi.

Gari la pili nililitafuta kwa njia hiyo, na lilinichukua miezi saba. Nilichagua Mercedes-Benz E250 ya 2010, ile ya umbo la W212 lililotoka 2009. Sababu za kuchagua E250 na siyo E350 zilikuwa za mfukoni. Injini yake ni cc 1,796, kwa hiyo mafuta yanavumilika, na nyingi za E250 zina springi za kawaida badala ya shokapu za upepo. Shokapu za upepo ni raha kwenye lami mpya, lakini kwa barabara zetu za mitaani, mchanga na mashimo, sikutaka kuzimiliki zikiwa na miaka kumi. Kuna watu wanazipenda na wana uwezo nazo. Mimi sikuwa nao.

Injini hiyo, wanaoijua wanaiita M271, ina ugonjwa unaofahamika: cheni ya taimingi inalegea na meno ya gia za kemshafti yanalika. Ukiliwasha asubuhi likiwa la baridi linakatakata sekunde chache kabla ya kutulia. Cheni ikiruka, valvu zinagonga pistoni na injini imekwisha. Nilikagua magari manne. Mawili yalikuwa na mlio huo. Moja muuzaji alikuwa ameliwasha kabla sijafika ili lipate joto, nikagusa boneti nikaaga. La nne mwenye nalo alikuwa mama mmoja wa Mikocheni, ametoa faili lenye risiti: cheni na gia zake zimebadilishwa kwa kilomita 76,000, oili ya giaboksi mwaka huo huo. Gari lilikuwa limefika 82,000. Alitaka milioni 34. Mengine kama hilo yalikuwa yanaulizwa 30. Nililipa 34 bila kubishana sana, Februari 2020.

Mwezi huo pia sikuuchagua kwa bahati. Nimeangalia soko la Dar kwa miaka sasa na naona linapumua kwa msimu. Kuanzia Oktoba watu wanaotaka kupanda Moshi na Arusha Krismasi wanatafuta gari la kuonekana, bei zinakaza, wauzaji hawakubali kupunguza. Ikifika Januari, ada za shule zinabisha hodi, kodi za nyumba zinadaiwa, na wale walionunua Novemba kwa pupa wanaanza kupiga simu. Januari na Februari ndiyo miezi ya mnunuzi mwenye fedha mkononi. Kuuza, uza Oktoba au Novemba.

Kwa anayeagiza kutoka Japani, kalenda ni nyingine. Kule gari jipya linapata ukaguzi wa lazima, wao wanauita shaken, likifika miaka mitatu, kisha kila miaka miwili. Ukaguzi unagharimu, kwa hiyo wengi huuza kabla ya kuulipia tena. Magari ya miaka mitatu, mitano na saba yanajaa mnadani, na ukitaka kuchagua kwa nafasi, chagua hapo. Omba karatasi ya mnada isomwe kwa makini: daraja la 4 au 4.5 ni zuri, lenye R limewahi kugongwa na kutengenezwa. Cheti cha kusafirishia kinaonyesha kilomita zilizoandikwa kwenye ukaguzi wa mwisho. Zikizidi za kwenye dashibodi, odometa imerudishwa nyuma. Hapa kwetu umri una bei yake TRA, mamlaka ya mapato. Gari la kutembelea likifika miaka minane linaongezewa ushuru wa asilimia 15 kwa sababu ya umri, likipita kumi, asilimia 30. Gari linaweza kuvuka mstari huo likiwa bado baharini, kwa hiyo hesabu siku za meli. Na kama unaagiza Mei au Juni, subiri usikie bajeti inasomwa Dodoma, kwani viwango vipya huanza Julai mosi.

Shemeji yangu wa Nairobi ana hesabu kali zaidi. Kenya hawaruhusu kabisa gari lililopita miaka minane, na mstari unasogea kila Januari: ilipoingia 2024, la 2016 halikuingia tena, yakabaki ya 2017 kuja juu. Yeye huagiza mapema mwaka unapoanza, siyo Novemba akikimbizana na meli.

Nirudi kwenye namba ya usajili, kwa sababu inadanganya wengi. "Namba D" au "namba E" inakueleza gari limesajiliwa lini Tanzania. Haikuelezi limetengenezwa lini. Nimeona gari la 2007 lenye namba E likiuzwa kama kitu kipya. Soma mwaka wa kutengenezwa kwenye kadi, kisha hakikisha na namba ya chesisi. Angalia pia deni la faini za trafiki kwenye mfumo wa polisi na deni la maegesho, yote kwa namba ya gari tu. Na uliza kama liliingia kwa msamaha wa kodi, kwani kodi hiyo inaweza kukudai wewe.

Sasa kuuza, ambako ndiko nilikoumia mara ya kwanza. Kosa langu na lile jipu lilikuwa kusema kila baada ya tengenezo, "nimeshalipia hili, sasa acha nilifaidi kwanza." Nikalipia la pili ili nisipoteze la kwanza, la tatu ili nisipoteze la pili. Fedha iliyokwisha kutoka hairudi, na soko halikulipi kwa uchungu wako. Mnunuzi anatazama kitu kimoja: linatembea au halitembei. Siku gari la kifahari linapolala, wanunuzi wake wanabadilika. Anayetaka kuendesha hayupo tena. Anakuja anayetaka mlango, taa na injini. Ndipo 31 inakuwa 12.

Kwa E250 niliandika karatasi siku niliyolinunua, nikaiweka kwenye faili la yule mama. Mistari mitatu: shokapu za mbele na bushi, karibu kilomita 130,000, oili ya giaboksi tena, karibu 140,000, na ujio wa umbo jipya. Huo wa tatu watu wanausahau. W213, umbo lililofuata, ilitoka 2016, na ilipoanza kuonekana Masaki na Oysterbay kwa wingi kama gari la mkononi, W212 ya taa nne za kabla ya 2013 ikawa ya zamani ghafla, ingawa gari ni lile lile. Nilijua siku hiyo inakuja na sikutaka inikute nalo.

Novemba 2023, kilomita 131,000, shokapu za mbele zikaanza kulegea. Nililitangaza mwenyewe na bei wazi, kwa sababu dalali angeweka cha juu na kuwakimbiza watu. Aliyekuja nilimwambia kabla hajauliza: shokapu za mbele zimechoka, nimepunguza milioni moja kwa ajili hiyo, nenda na fundi wako. Kuna wanaodhani kuuza kabla ya matengenezo ni kumtupia mwenzako mzigo. Ukimficha, ndiyo. Ukimwambia na ukaweka kwenye bei, umempa nafasi ambayo mimi sikupewa 2016. Alilichukua kwa milioni 23 na faili lote. Tulikwenda TRA pamoja kuhamisha umiliki. Usimwachie mtu gari likiwa bado na jina lako, faini zake zitakuja kwako.

Hesabu zangu hizi hapa. Jipu: hasara ya bei milioni 19, matengenezo 9, miezi 20. Ni milioni 1.4 kila mwezi. E250: hasara ya bei milioni 11, matengenezo na huduma milioni 5.8, miezi 45. Ni kama 373,000 kwa mwezi. E250 ndiyo niliyoilipia zaidi siku ya kwanza.

Kitu kimoja zaidi, na hapa nakuomba unisikilize. Usinunue kwa fedha yote uliyonayo. Nilipolipa zile 34 nilikuwa na milioni 8 nyingine pembeni ambazo sikuzigusa kwa lolote isipokuwa gari hilo. Kama bei ya gari inamaliza akiba yako, gari hilo bado si lako, hata kadi ikiwa na jina lako. Chukua Crown au Harrier nzuri, uendeshe kwa amani, ujipange. Nimeona ndoa zikigombana kwa ajili ya giaboksi, na watoto wakicheleweshewa ada kwa ajili ya taa ya injini inayowaka kwenye dashibodi.

Kwa sasa natembelea RAV4 na ninafuatilia E-Class ya 2017, hiyo W213. Nimeshaona mbili, moja Mbezi Beach, moja Kigamboni. Ya Kigamboni ina risiti za huduma zote tangu ilipoingia nchini, mwenyewe anataka bei ya Desemba. Nimemwachia namba yangu ya simu, nimemwambia nitampigia wiki ya pili ya Januari.