Nguzo za trela zinashika kutu kwenye kona

SWALI: Kusi likivuma, boti yangu ya faiba ya futi 16 husukumwa ubavu na kupanda trela upande. Nimetengeneza nguzo mbili za kuiongoza, zenye umbo la L, kwa bomba la maji la chuma lililopakwa zinki, nikachomelea kona, nikapaka rangi ya mafuta. Mwaka haujaisha, kona zina kutu na rangi inabambuka. Tatizo ni nini? – Msomaji, Kilifi

JIBU: Matatizo ni mawili. Rangi ya mafuta haishiki juu ya zinki: vikikutana hufanyika utando wa aina ya sabuni, na rangi hutoka vipande vizima. Ibandue yote, osha kwa sabuni na maji baridi yasiyo ya chumvi, kwaruza kwa msasa namba 120, kisha paka praima (rangi ya kwanza ya kushikia) ya epoksi kabla ya rangi ya juu.

Kwenye kona, moto wa kuchomelea uliunguza zinki inayokinga chuma. Saga kutu mpaka chuma king'ae, upake rangi yenye unga wa zinki mara mbili. Lazima iguse chuma kitupu. Ikipakwa juu ya rangi nyingine haikingi kitu. Muuzaji asikupe rangi ya silva, hiyo ni alumini.

Ukitengeneza upya, usichomelee. Fundi akunje bomba la inchi moja na nusu kwa mashine, kona pana, kisha palipopasuka zinki kwenye mkunjo upake rangi hiyo ya zinki. Ukilazimika kuchomelea, saga zinki sentimita 5 kila upande kwanza na ufanyie kazi nje penye upepo, maana moshi wake huleta homa.

Mguu wa chini wa nguzo ulale sambamba na boriti ya kukingama ya trela, ufungwe kwa yu-bolti (bolti za umbo la U) mbili zilizoachana sentimita 30. Wengi hufunga moja tu kwenye ukingo, nguzo ikalegea mara ya kwanza boti ikiigonga. Chagua yu-bolti za kijivu zilizochovywa kwenye zinki ya moto. Zile zinazong'aa zina zinki nyembamba mno kwa bahari. Toboa tundu la milimita 10 upande wa chini wa mkunjo, maji yatoke.

Acha nafasi ya sentimita 2 hadi 3 kati ya nguzo na boti kila upande, pale boti ilipo pana zaidi. Nguzo ibaki juu ya maji trela ikizama. Ivishe bomba la plastiki la milimita 63, lizunguke huru, lenye kifuniko juu. Lichomoe kila mwezi uoshe ndani: chumvi hujificha hapo.