Jipu la Juu ya Makalio Linalorudi: Je, Ni Lazima Kukatwa Sehemu Kubwa?

SWALI: Daktari, mimi ni kijana wa miaka 24 na kazi yangu ni ya kukaa kutwa nzima. Mwaka jana niliota jipu kwenye mfereji wa makalio, karibu na kifandugu. Lilipasuliwa, usaha ukatoka, nikadhani nimepona. Tangu hapo pamebaki kitundu kinachotoa majimaji na damu, na pamevimba tena mara mbili. Nimeambiwa ni sainasi ya pilonido, yaani njia ndogo chini ya ngozi yenye kitundu na nywele, na kwamba nyama yote ya hapo itakatwa, kisha kidonda kiachwe wazi hadi kijae chenyewe. Rafiki yangu aliyefanyiwa hivyo alikuwa akifungwa bandeji kwa miezi mitatu. Je, hakuna njia nyingine?

JIBU: Ndugu msomaji, njia nyingine zipo, na hofu yako ina msingi. Ili uelewe kwa nini madaktari wa upasuaji hutofautiana, ni vyema uanze na chanzo cha maradhi yenyewe. Jina la pilonido, lililotolewa na daktari wa upasuaji Hodges mwaka 1880, linatokana na maneno ya Kilatini yenye maana ya nywele na kiota. Kwa muda mrefu iliaminika kwamba mgonjwa huzaliwa na kasoro hiyo, hivyo ikaonekana ni lazima kuichimbua yote hadi kwenye mfupa. Leo wengi wetu tunakubali kwamba nywele zilizokatika hukusanyika kwenye mfereji ule wenye jasho na msuguano, zikapenya ngozini kupitia vinyweleo vilivyotanuka, na mwili ukazipiga vita kama unavyopiga vita mwiba. Vinyozi hupata ugonjwa huu huu katikati ya vidole vya mikono, mahali ambapo hakuna anayezaliwa na kasoro hiyo. Ikiwa tatizo ni nywele na vitundu vinavyoziingiza, hakuna sababu ya kuondoa nyama nzima isiyo na ugonjwa.

Kupasuliwa jipu mara ya kwanza kulikuwa sahihi, kwani dawa za antibiotiki peke yake haziondoi usaha uliokwisha kukusanyika. Hata hivyo, hatua hiyo hutuliza maumivu tu. Vitundu na nywele zikibaki, ugonjwa unaweza kurudi.

Kwa mtu mwenye kitundu kimoja au viwili, kama unavyojieleza, wapo madaktari wanaoanza na upasuaji mdogo wa ganzi. Kila kitundu hukatwa kwa kipande chembamba cha ngozi, nywele na uchafu husafishwa kupitia mkato mdogo wa pembeni, na mgonjwa hurudi nyumbani siku hiyo hiyo. Wengine hutia dawa ya fenoli ndani ya njia iliyo chini ya ngozi, au huichoma kwa leza, au huisafisha wakiiangalia kwa kamera nyembamba. Uwezekano wa ugonjwa kurudi ni mkubwa kuliko baada ya upasuaji mkubwa uliofanywa vizuri, lakini unarudi kazini mapema, na mlango wa upasuaji mkubwa haujafungwa. Kwa maoni yangu, uamuzi huo una faida kwa mtu kama wewe.

Njia uliyoelezwa, ya kukata na kuacha wazi, si kosa. Ni rahisi kufanya na hufaa pale penye uchafu mwingi, ila gharama yake ni wiki nyingi, pengine miezi, ya kubadilishwa chachi. Ninayoipinga waziwazi ni ile ya kukata kisha kushona katikati kabisa ya mfereji. Mshono huo hukaa mahali pale pale penye unyevu na mvutano, nao huachia au hukaribisha nywele upya. Ushahidi uliokusanywa kutoka katika majaribio mengi unaonyesha kwamba, ikiwa kidonda kitashonwa, kishonwe pembeni. Karydakis, daktari wa upasuaji kutoka Ugiriki, alijenga upasuaji wake juu ya wazo hilo, akauchapisha mwaka 1973. Baadaye alieleza kwamba kati ya wagonjwa wake zaidi ya 6,000 ni takriban mmoja kwa kila 100 aliyerudiwa na ugonjwa. Daktari mwingine wa upasuaji, Bascom, naye alibuni namna ya kuinua mfereji ili usiwe na kina, na daktari wa upasuaji Limberg ametoa jina kwa kipande cha ngozi chenye umbo la msambamba kinachohamishwa kuziba pengo. Hizi ndizo njia za kuomba ikiwa vitundu ni vingi au upasuaji wa awali umeshindwa.

Kabla ya kukubali tarehe, muulize daktari wako maswali mawili: kovu litakaa wapi, na amewahi kufanya upasuaji huo mara ngapi? Baada ya hapo, hakikisha nywele za eneo hilo zinaondolewa mara kwa mara hadi kidonda kifunge kabisa.

SWALI: Daktari aliyenipima kwa jambo lingine aliona vitundu viwili kwenye mfereji wa makalio. Sina maumivu wala majimaji. Nipasuliwe?

JIBU: Hapana. Vitundu visivyosumbua havipasuliwi. Weka eneo safi na bila nywele, kisha urudi hospitali ukiona uvimbe, maumivu au usaha.