Kutoka "amechelewa" hadi "ni tapeli"

Mwaka juzi nilikuwa kijumbe, yaani mkusanyaji wa pesa, wa mchezo wetu wa kupeana pesa kwa zamu: akina mama kumi, elfu ishirini kila Jumamosi. Mwenzetu mmoja akapitisha Jumamosi mbili. Nikaandika kwenye kundi la WhatsApp, bila kumtaja, kwamba watu wengine ni matapeli tu, wanangoja wale zamu yao waingie mitini. Kila mtu alijua anasemwa nani.

Jioni akaja nyumbani. Hakugomba. Alifungua simu akanionyesha miamala miwili, jina la mpokeaji ni langu. Pesa zilikwenda kwenye laini yangu ya zamani, ile niliyoitupia kwenye droo bila kumwarifu.

"Dada, mbona hukunipigia?"

Tangu hapo neno kuhukumu nalisikia kwa uzito wake. Anayekulaumu bado mnazungumza naye. Anayekushutumu anakutupia tuhuma, ushahidi pengine hana, lakini unaweza kuikana. Hata kusutwa, pamoja na aibu yake yote mbele ya majirani, angalau unasutwa usoni. Anayekuhukumu ameshafunga jalada. Mahakamani hukumu husomwa mwisho, baada ya mashahidi na utetezi, na Ibara ya 13(6) ya Katiba ya Tanzania inakataza mshtakiwa wa jinai kutendewa kama mkosaji kabla hatia haijathibitika. Mimi kijumbe nilianzia mwisho. (Hukumu na hekima, kumbe, ni za shina moja la Kiarabu. Siku ile nilichukua moja tu.)

Dawa niliyoipata imo kwenye sarufi. Sikiliza sentensi yako. "Hajatoa", "amechelewa", "hapokei simu": hizo ni habari, zinasahihishika. Ikishageuka "ni tapeli", "ni mvivu", "ni malaya", umeacha kitendo umemvaa mtu mzima mzima. Hiyo "ni" ikinijia mdomoni sasa, napiga simu kwanza. Matapeli wapo, sikatai; mmoja alikula mchezo wetu akahama mtaa. Hata yeye tulimtafuta kwanza.

Radhi niliomba kundini, si pembeni, maana kundini ndiko nilikomchafulia jina. Zamu yake ilikuwa ya nane, nikampa yangu ya tatu. Bado anacheza nasi, ila pesa siku hizi analeta mkononi, tena anazihesabu mbele yangu.