Usitie Sahihi Jumapili

"Shangazi, shikamoo. Kaka yetu wa pekee alifariki mwaka jana, hakuacha mke wala mtoto. Tumebaki madada watatu. Mimi ni mjane mwenye watoto wawili. Mume wa dada yetu mkubwa ana fedha na anajulikana mjini. Ameandaa karatasi: nimwachie fungu langu la nyumba ya familia, naye atanipa shamba lililo mbali ambalo sijawahi kuliona. Nisipotia sahihi Jumapili mbele ya wazee, basi nisahau ada za watoto anazonisaidia. Dada amenyamaza kimya. Nitie sahihi ili undugu usife?"

Marahaba, mwanangu, na pole kwa kuondokewa na kaka. Barua yako nimeisoma mara tatu. Jibu langu ni kwamba usitie sahihi. Lakini naona unahitaji zaidi ya kukatazwa, kwa hiyo nivumilie nikusimulie habari za mwanamke mmoja wa Uingereza. Nilipofika kwenye lile shamba usilolijua, yeye ndiye aliyenijia kichwani.

Aliitwa Elizabeth de Burgh, binti wa ukoo wa Clare, mmoja wa koo tajiri kabisa za nchi ile. Alizaliwa mwaka 1295, na baba yake akafa mwaka huohuo. Akaozwa akiwa na miaka 13. Kaka yake, Gilbert, aliuawa vitani Bannockburn, Uskoti, tarehe 24 Juni 1314, bila kuacha mtoto. Wakabaki madada watatu: Eleanor, Margaret na Elizabeth. Unaona kwa nini nilimkumbuka? Mjane wa kaka alidai kwamba ana mimba, na madai hayo yakaburuza mambo mpaka mali ikagawanywa mwaka 1317. Kabla ya hapo Elizabeth, ambaye mume wake wa kwanza alikuwa amekwisha kufa, alitekwa kutoka ngome ya Bristol na mtu aliyemtaka kwa sababu ya urithi huo, akaolewa naye. Huyo naye akafa katika miezi michache, akamwacha mjamzito. Mume wa tatu, Roger Damory, aliasi dhidi ya mfalme akafa mwaka 1322. Mjane mara tatu, na umri wake ni miaka 26.

Sasa sikiliza habari za shemeji. Eleanor, dada mkubwa, alikuwa mke wa Hugh Despenser, kipenzi cha mfalme Edward wa Pili. Na mfalme huyo alikuwa mjomba wa hawa madada, ndugu wa mama yao. Kwa hiyo aliyemnyang'anya ni shemeji na aliyemsaidia kunyang'anya ni mjomba. Elizabeth alikamatwa pamoja na watoto wake, akawekwa katika nyumba ya watawa ya Barking. Huko akalazimishwa kutoa Usk, ardhi yake nzuri ya Wales, kwa kubadilishana na eneo jingine liitwalo Gower lenye thamani ndogo zaidi. Krismasi ya mwaka huo akaitwa York kwa mfalme, akatenganishwa na washauri wake, akawekewa waraka wa kuthibitisha kwamba ametoa kwa hiari. Alikataa, akaondoka. Akafuatwa njiani na onyo kwamba asipokubali hatashika ardhi yoyote chini ya mfalme. Akarudi, akabandika muhuri wake.

Hapo ndipo nataka usimame, mwanangu. Miaka miwili baadaye, mtu aliyeimiliki Gower zamani akaidai mahakamani, huku Despenser akimsukuma kwa nyuma. Elizabeth akashindwa kesi. Usk imeondoka, na Gower nayo imeondoka. Shamba ambalo hujaliona linaweza kuwa na mwenyewe. Uliza kwanza ni la nani, lina hati gani, na serikali ya kijiji inasemaje.

Mimi simlaumu Elizabeth kwa muhuri ule. Alikuwa na watoto mikononi na hakuwa na wa kumkimbilia. Ninachompendea ni alichofanya baadaye. Mwezi Mei 1326, Despenser akiwa bado ndiye mwenye nchi, aliketi nyumbani kwake Clare akaandikisha kwa siri yote aliyotendewa: alipozuiliwa, alivyotishwa, alivyotia muhuri bila ridhaa. Karatasi hiyo ingeweza kumponza. Hakukuwa na mahakama ya kuipeleka siku hiyo, na yeye alijua. Aliiandika ili siku ikifika, maneno yawe tayari. Siku ikafika haraka kuliko alivyoweza kutarajia: malkia, aliyekuwa adui wa Despenser, na wenzake walitua na jeshi Septemba, na Despenser akanyongwa Hereford tarehe 24 Novemba. Usk ikarudi kwa Elizabeth.

Wewe huhitaji kungoja jeshi. Kama uko Tanzania, jambo la kwanza ni kujua kama mahakama imeteua msimamizi wa mirathi ya kaka yako. Kama hajateuliwa, shemeji hana mamlaka ya kugawa wala kubadilisha chochote, hata akija na wazee ishirini. Kikao cha ukoo kinaweza kupendekeza msimamizi, muhtasari ukaandikwa, lakini anayeteua ni mahakama. Ulizia wasaidizi wa kisheria katika wilaya yako. Msaada wao ni bure. Wapelekee nakala ya karatasi ya shemeji kabla ya Jumapili. Kuhusu ada, najua linauma, na sitakudanganya kwamba ni dogo. Nenda shuleni ukaombe kulipa kidogo kidogo. Fungu lako la nyumba lina thamani kubwa kuliko mihula michache ya ada, na huyo anayekutisha kwa ada anajua hivyo.

Kuhusu dada yako, usimhesabu kuwa adui kwa sababu amenyamaza. Eleanor alifungwa katika Mnara wa London baada ya mumewe kuanguka. Margaret naye aliwekwa katika nyumba ya watawa mumewe alipokuwa mwasi. Wote watatu walilipia mambo ya waume. Dada yako analala nyumba moja na mtu huyo. Huenda hana nafasi ya kusema mbele yake. Mtafute peke yake, saluni au sokoni, msizungumzie karatasi kwanza. Mzungumzieni kaka yenu.

Unaniuliza kama undugu utakufa. Hilo siwezi kukuahidi, lakini ona maisha yaliyofuata. Elizabeth hakuolewa tena. Aliishi miaka 38 ya ujane, akasimamia mali zake mwenyewe, akalea, akaozesha, akampoteza mwanawe William aliyeuawa Ayalandi mwaka 1333. Alikuwa na rafiki wa karibu, Marie de St Pol, mjane mwenzake. Chuo kilichokuwa kikikaribia kufa Cambridge alikichukua mwaka 1338, akakipa mali na kanuni. Hadi leo kinaitwa Clare, jina la ukoo wake. Urithi ambao shemeji alitaka kuumeza ndio uliosomesha watoto wa watu wengine. Wako wawili wako hapo nyumbani.

Jumapili nenda, usijifiche. Nenda na mtu mzima mmoja anayekuheshimu, awe mama mkubwa au jirani wa siku nyingi. Salimia wazee kwa adabu, kisha useme: "Nitasubiri mahakama." Wakikukaripia, rudia maneno hayohayo, usiongeze.

Na leo usiku nunua daftari. Andika lini shemeji alikuja, alisema nini, nani alikuwepo, ada alizitaja kwa maneno gani. Anza na tarehe.