Kanisa limefungwa, takisi zimefunguliwa: shangazi tufanye nini?

Wasomaji wangu, wiki hii ya Agosti 2021, katikati ya Covid, simu imejaa mpaka inagoma. Tangu tarehe 30 Julai Rais alipofungua takisi zibebe nusu ya abiria na maduka ya Kampala yakafunguka, lakini makanisa na misikiti na shule vikabaki na kufuli, karibu kila anayeniandikia anauliza kitu hicho hicho kwa njia yake. Nimechagua barua nne. Waliobaki msinune, Agosti bado ni ndefu.

Bwana asifiwe shangazi. Mimi ni kiongozi wa kwaya hapa Malaba. Ibada yetu ni ya Kiswahili kwa sababu hapa kuna Mteso, kuna Mjapadhola, kuna Msamia, kuna watu wa ng'ambo ya Kenya na madereva wa malori, bila Kiswahili hatuelewani. Tangu Juni kanisa limefungwa. Sasa mzee mmoja wa kanisa ana stoo ya mahindi nyuma ya duka lake, tukaanza kukutana hapo Jumapili asubuhi kafyu ikiisha tu saa kumi na moja na nusu, tulianza watu kumi sasa tunafika arobaini, na tunafunga madirisha na mlango ili LDU, wale askari wa ulinzi wa mtaa, wasisikie tukiimba. Mke wangu anasema nitaleta ugonjwa nyumbani. Mzee naye anasema wale mashahidi wa Namugongo, waliouawa kwa imani yao, hawakuomba ruhusa kwa mtu. Juzi dada wawili wa sauti ya pili walikuwa wanakohoa lakini walisema ni vumbi la mahindi. Uimbaji wenyewe umelegea kidogo kwa sababu besi wetu wa maana, yule dereva wa lori, hatujamwona tangu mwaka jana. Tuendelee ama tuache?

Amina mwanangu. Acheni. Nimeanza na jibu ili kama bando lako linaisha usikose la muhimu.

Sasa nikueleze, maana najua mzee wa stoo hataridhika na neno moja. Mimi pia nina hasira. Nikipanda takisi naona tumekaa magoti yanagusana, ile nusu ya abiria iko kwenye karatasi tu, halafu mtu ananiambia kanisani ndiko kwenye hatari. Inauma. Viongozi wa dini wanaendelea kuiambia serikali hivyo hivyo, na wako sawa, kanisa lenye madirisha makubwa na watu waliopangwa vizuri si sawa na stoo. Lakini wewe hujaniuliza juu ya kanisa, umeniuliza juu ya stoo! Watu arobaini, madirisha yamefungwa, na wanaimba. Huu ugonjwa unasafiri kwa hewa tunayoitoa, na mtu akiimba anaitoa kwa nguvu kuliko mtu anayenong'ona, sasa ukifunga dirisha ile hewa iende wapi? Mnaivuta wote. Yaani mmemficha LDU asiwasikie, mkajifungia ndani na kitu chenyewe.

Kuna kwaya moja huko jimbo la Washington, Marekani, ilifanya mazoezi tarehe 10 Machi 2020, hapa Uganda hatujapata hata mgonjwa wa kwanza (wetu alipatikana tarehe 21 mwezi huo huo). Walikuwa watu 61, walikaa saa mbili na nusu, na hawakuwa wazembe, sanitaiza ilikuwepo na kukumbatiana waliacha. Waliougua ni 53, wawili wakafa. Ni watu wazima waliokwenda kumwimbia Mungu kama nyinyi tu. Kwa hiyo hao dada zako wa sauti ya pili, vumbi la mahindi nalijua, linakohoza kweli, lakini leo hii uwapigie simu uwaulize kama wanasikia harufu ya chai.

Haya, Namugongo. Mzee ameshika upanga mkali hapo na mimi nauheshimu. Lakini nimkumbushe kitu ambacho mahubiri ya tarehe 3 Juni, sikukuu yao, hukiruka. Mwisho wa 1882 mapadri wazungu waliondoka Buganda wakavuka ziwa kwenda kusini, hawakurudi mpaka Julai 1885. Karibu miaka mitatu hakuna padri, hakuna misa. Na wale wasomaji, si unajua waumini wa mwanzo waliitwa wasomaji, tena mafundisho ya kwanza walipewa kwa Kiswahili hiki hiki chetu, hawakutawanyika. Yosefu Mukasa aliwashika vijana wa ikulu ya Kabaka, Matia Mulumba na Noa Mawaggali na Luka Banabakintu wakawashika watu wa Mityana, nyumba kwa nyumba, wachache wachache, huyu anamfundisha huyu. Mapadri waliporudi walikuta waumini wameongezeka. Kuuawa kulikuja baadaye, Mukasa Novemba 1885 na wengi wao 1886. Kwa hiyo kabla hawajawa mashahidi wa moto walikuwa mashahidi wa kukaa bila kanisa, na sehemu hiyo ndiyo inayotuhusu sisi mwaka huu.

Na tena umwambie mzee polepole, kwa heshima: wale wa Namugongo walitoa shingo zao wenyewe. Stoo yake inatoa shingo ya mkeo anayekaa nyumbani na hajaulizwa.

Sasa kilichonikera kwenye barua yako hakiko kwenye stoo. Ni huyo besi. Umemtaja mwisho, kama kiti kilichovunjika. Hujamwona tangu mwaka jana! Wewe uko Malaba, unakumbuka vizuri 2020 madereva walivyokuwa wanapimwa mpakani, foleni ya malori kilomita kwa kilomita, mtu analala chini ya trela siku tatu nne akingoja majibu, na watu wetu wa mjini wakawa wanawanyooshea kidole ati hao ndio wanaleta, mama wa chakula hataki kuwauzia, mwenye loji anafunga geti. Je yeye alipita kanisani kwenu wakati huo? Kuna mtu alimwambia nini? Namba yake unayo, maana namba za kwaya huwa kwenye daftari. Mpigie kabla ya kumpigia yeyote. Asipopokea, ulizia kwa madereva wenzake kwenye foleni.

Halafu fanya hivi. Chukua hilo daftari la kwaya na la ushirika, gawa majina, kila mwanakwaya watu watano. Kazi yake ni kujua kila wiki hao watano wako hai, wamekula, nani anaumwa. Asiye na simu afikiwe kwa miguu, usimame uani, barakoa mdomoni siyo kidevuni, umsalimie, umsomee zaburi, uondoke. Wimbo mrekodi mmoja mmoja kwa simu mtume kwa WhatsApp. Najua data imepanda, tangu Julai hii ya 2021 kuna kodi ya asilimia 12, na Facebook yenyewe ilifungwa tangu kura za Januari mwaka huu mpaka mtu ahangaike na VPN, kwa hiyo sikuambii mfanye ibada ya video, video inakula bando la wiki. Sauti ya dakika tatu haili sana. Na Jumapili kila familia iwashe redio sebuleni kwake. Si tamu kama kanisani. Najua.

Shangazi jambo. Mimi ni mama wa Kongo, niko hapa Kampala upande wa Nsambya. Pasta wetu kila Ijumaa anatuma namba ya mobile money kwa grupu, anasema asiyetuma sadaka Mungu atamfungia mlango kama kanisa lilivyofungwa. Bwana yangu alikuwa anafanya kazi ya salon, sasa hakuna wateja. Batoto ni tano. Wiki ilipita nilituma elfu tano na tukalala na chai. Nilitenda dhambi kama sitatuma?

Mama, hapana. Hiyo elfu tano ilikuwa posho, yaani unga wa mahindi, kilo mbili na maharagwe, na Mungu alikuwa anaiona ikiwa bado mfukoni mwako.

Sadaka ya simu yenyewe haina ubaya, bwanako akisema si sadaka kwa sababu haikuwekwa kwenye kikapu mwambie shangazi amekataa. Kanisa lina mlinzi, lina kodi ya nyumba, na pasta naye ana watoto, mwenye kazi na mshahara atume bila kusukumwa. Lakini pasta anayewatishia watu waliolala na chai, mimi sitamtetea, hata kama alinibatizia mtu. 2020 serikali ilipogawa posho na maharagwe hapa Kampala na Wakiso niliona makanisa mengine yakijazia mahali ambapo gari la serikali halikufika, mama wenye vibanda wakitoa nyanya, mwingine sabuni. Grupu la WhatsApp ni hilo hilo. Andika kwenye grupu lenu, au kama unaona haya mwombe mama mmoja mkubwa aandike: nani ana chakula cha ziada na nani hana. Uone pasta atajibu nini. Akikutoa kwenye grupu, sasa utakuwa umejua.

Na upande wa Nsambya kina mama wa Kongo mko wengi, tafuta wawili watatu mpike pamoja uani, sufuria moja makaa machache. Barakoa lakini.

Shangazi salamu. Niko Arua. Baba yangu alikuwa katekista miaka mingi, alizika watu wengi kuliko anavyoweza kuhesabu. Alikufa Juni hospitalini kwa Covid. Walimleta watu waliovaa nguo nyeupe mwili mzima, hawakuingia nyumbani, wakamshusha kaburini haraka wakapuliza dawa wakaenda. Hatukukesha, hatukumwona uso, padri hakuweza kufika, tulikuwa kama watu kumi na mimi nilisimama mbali. Wazee wa ukoo wanasema amezikwa kama mbwa. Mimi silali. Alizikia watu wote na yeye hakuna aliyemzika.

Mwanangu, pole. Nimesoma barua yako mara tatu, na nimemtengea baba yako nafasi ndefu kuliko mhariri alivyotaka.

Mwaka 2000 Ebola iliingia Gulu. Hospitali ya Lacor ilikuwa na daktari mkuu, Matthew Lukwiya, mtu wa kaskazini, Mprotestanti aliyeongoza hospitali ya Wakatoliki na hakuna aliyeona ajabu. Manesi walipoanza kufa na wenzao kutaka kukimbia, yeye alibaki nao wodini. Ebola ikamshika naye, akafa tarehe 5 Desemba 2000. Na huyo mtu ambaye Gulu nzima ingetaka kumbeba mabegani alizikwa haraka siku hiyo hiyo, na watu waliovaa nguo za kujikinga mwili mzima, dawa ikipulizwa, familia yake imesimama mbali kama wewe. Ugonjwa ule ulichukua watu 224 Uganda. Kaburi lake liko hapo hospitalini, karibu na la Dokta Lucille Teasdale, aliyeijenga hospitali hiyo pamoja na mumewe, na mpaka leo watu wanaenda kusimama hapo. Hakuna mtu wa Gulu anayesema Lukwiya alizikwa kama mbwa.

Wale wa nguo nyeupe, mwanangu, ni vijana wa watu. Wengi wao mchana wanazika watano sita, jioni majirani wanawaogopa. Walimshusha baba yako kwa kamba, hawakumtupa. Nenda uwaambie wazee hivyo, kwa adabu, na kama watabisha waache wabishe, nao wana uchungu, siku hizi uchungu unatoka kwa mlango wowote.

Wewe ni Mkatoliki kwa hiyo unajua misa ya marehemu haina tarehe ya kuisha. Mtafute padri kwa simu, mpe jina la baba na siku aliyokufa, amwombee kwenye misa anayosoma peke yake sasa hivi, maana misa hazijasimama, ni sisi tu hatupo. Makanisa yakifunguliwa mtafanya ile kubwa, wajane na mayatima ambao baba yako aliwazikia watu wao watakuja, utashangaa. Lakini usingoje hiyo. Jioni moja wiki hii, wewe na mama na ndugu mnaokaa nyumba moja, nendeni kaburini na kile kitabu chake cha maziko, lazima kipo, makatekista hawatupi vitabu, kimejaa alama za vidole vyake. Kifungueni pale anapoanzia siku zote. Wewe ndiye usome. Kama sauti itakatika mpe mdogo wako aendelee.

Ukimaliza niandikie tena, hata usiku.

Shangazi, kuna mhubiri anasema chanjo ya Covid ni alama ya 666, ile ya mnyama wa Ufunuo inayopigwa mkononi au kwenye paji la uso. Nifanyeje, nina miaka 58 na sukari.

Nina miaka 67 na nilichoma chanjo ya AstraZeneca. Mkono uliuma siku mbili, nikalala mchana moja, paji la uso wangu liko wazi mpaka leo njoo ulitazame. Huyo mhubiri muulize kama ana sukari. Mwaka huu wa 2021 miaka hamsini na sukari zote ziko kwenye orodha ya wanaotangulizwa, kwa hiyo ulizia kituo chako cha afya dozi zitafika lini maana zinaisha haraka, beba kitambulisho, fika mapema, na uvae shati la mikono mifupi.